Lawama na Msaada

Kati ya mashtaka ambayo watu huwashtaki wenzao kila siku pasipo hakimu wala shahidi, shtaka la tumbo ni jepesi kuliko yote. Mwongo huweza kukaa miaka mingi kati ya watu asijulikane, kwa kuwa uongo hauonekani mwilini. Mwenye husuda huificha moyoni, na mwenye choyo huifungia sandukuni. Lakini mtu aliyenenepa kupita kiasi huchukua ushahidi wake hadharani, na kila apitaye hujiona ana haki ya kukata hukumu: huyu ni mlafi, huyu ni mvivu, huyu hakujitawala. Apatwapo na maradhi, hukumu huzidi ukali. Husemwa kuwa amevuna alichopanda.

Je, hukumu hiyo ni ya haki? Na hata kama ina chembe ya haki ndani yake, inamfaa nani? Haya ni maswali mawili, wala si vema kuyachanganya. Mtu huweza kuwa na kosa la kweli, na kulaumiwa kwake kusimfae yeye wala mtu mwingine. Tutayatazama maswali haya kwa mfano wa hali moja ya mwili iliyoenea sana duniani katika zama zetu, na wa mipango iliyobuniwa ili kuwasaidia watu wenye hali hiyo wabadili maisha yao.

Waganga huiita hali hiyo sindromu ya umetaboli. Si ugonjwa mmoja, bali ni mkutano wa dalili. Mwaka 2009 mashirika kadhaa makubwa ya tiba yalikubaliana kuhesabu dalili tano: kiuno kilichopanuka, shinikizo la damu lililofika 130 kwa 85 au kupita, sukari ya damu iliyofika milimoli 5.6 kwa lita kwa mtu ambaye hajala kitu tangu usiku. Wingi wa mafuta ya damu yaitwayo trigliseridi. Na upungufu wa ile kolesteroli iitwayo njema. Mwenye tatu katika hizo tano huhesabiwa kuwa na hali hiyo. Kabla ya hapo, mwaka 1988, daktari Gerald Reaven wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alikuwa ameeleza kwamba mengi ya mambo haya, ingawa huonekana mbalimbali, yana shina moja. Kongosho hutoa insulini, nayo insulini huifungulia sukari mlango ili iingie katika misuli. Mwili usipoitii insulini, kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi na zaidi, na kwa watu wengi mwisho huchoka. Hapo huzaliwa kisukari. Na kabla ya kufika hapo, moyo na mishipa ya damu huwa imekwisha kuanza kudhurika.

Jambo la kuogofya ni ukimya wa hali hii. Haiumi wala haiwashi. Mtu hulala nayo na kuamka nayo, akala, akacheka, akafanya kazi, asijue kuwa ana mgeni. Mwenye jino bovu hukimbilia dawa kwa sababu ya maumivu. Mwenye hali hii hana maumivu ya kumkimbiza. Huambiwa leo aache vitu apendavyo ili aepuke msiba ambao labda utakuja baada ya miaka kumi. Hilo ni ombi zito kwa mwanadamu yeyote, na kabla ya kumhukumu ashindwaye yafaa tupime uzito wake.

Sasa tusikilize rai mbili. Rai ya kwanza husema kwamba kila mtu ni mlinzi wa kinywa chake. Hapana mkono wa jirani uingizao tonge katika kinywa cha mtu mzima. Aliyekula ni yeye, aliyeketi mchana kutwa ni yeye, na aliyeonywa akapuuza ni yeye. Kumwondolea lawama ni kumwondolea heshima pia, maana mtu asiyeweza kulaumiwa kwa baya hawezi kusifiwa kwa jema. Mnyama hufuata njaa yake. Mtu hupewa akili ili aitawale. Rai hii si ya kupuuzwa. Ina nguvu, na kila mzazi aliyemlea mtoto anaijua.

Rai ya pili husema kwamba tabia ya mtu ni kama mmea, hufuata udongo ulioupata. Mwaka 1990 ulichapishwa Uingereza uchunguzi uliofanywa hapa kwetu Kenya. Wachunguzi waliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini, magharibi mwa nchi, wakaenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Shinikizo la damu la waliohama lilipanda mapema, katika miezi ya kwanza tu ya maisha ya mjini. Chumvi iliongezeka katika chakula chao, na potasi, ambayo hupatikana kwa wingi katika mboga na matunda, ilipungua. Je, tuseme kuwa watu hao walipoteza tabia njema ndani ya basi la kwendea mjini? Mtu alikuwa ni yule yule. Kilichobadilika ni soko, jiko, kazi na njia ya kupita.

Uko uchunguzi mwingine ambao ni kama kinyume cha huo. Mwaka 1984 mwanasayansi Kerin O'Dea alieleza habari za wenyeji wa asili kumi wa Australia ya Magharibi waliokuwa na kisukari. Walikubali kuacha makazi yao ya kisasa kwa wiki saba wakaishi katika nchi ya wazee wao, wakila walichowinda, walichovua na walichochimba. Kwa wastani kila mmoja alipungua kilo 8, na sukari ya damu yao ilishuka sana. Hawakupewa mioyo mipya. Walikwenda na mioyo yao ile ile mahali pengine.

Tena kuna mambo ambayo mtu hakuyachagua kabisa. Hakuwachagua wazazi waliomrithisha mwili wake. Watu wenye asili ya Asia ya Kusini, mathalani, huweza kupatwa na kisukari wakiwa na unene ambao kwa Mzungu usingetia shaka. Wako wembamba wenye hali hii, na wako wanene wasio nayo. Basi yule atoaye hukumu njiani kwa kutazama tumbo la mwenziwe huenda amemhukumu asiye na maradhi na kumwacha mwenye maradhi apite akisifiwa kwa umbo lake.

Msomaji ataona kwamba kila rai imeshika upande mmoja wa kweli. Ya kwanza imeshika kwamba bila nia ya mtu mwenyewe hapana badiliko; hata wale wa Australia walikubali kwenda, hawakuburutwa. Ya pili imeshika kwamba nia huchoka ikiachwa peke yake katika njia iliyojaa miiba. Mabishano ya maneno hayataamua jambo hili. Yafaa tutazame lililotokea watu walipojaribu kwa vitendo.

Mwaka 1996 ulianza Marekani uchunguzi mkubwa wa kuzuia kisukari, katika vituo 27. Watu 3,234 waliingia, wote wakiwa na unene uliozidi na sukari ya damu iliyopanda bila kufika kiasi cha kisukari. Zaidi ya nusu yao walikuwa na sindromu tunayoizungumza. Waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi moja lilipewa kidonge cha metformini. La pili lilipewa kidonge kilichofanana nacho lakini kisicho na dawa. La tatu halikupewa kidonge. Liliingizwa katika mpango wa kubadili maisha.

Mpango huo haukuwa na maajabu. Kila mtu alipewa mshauri wake, akakutana naye katika masomo 16 kwa wiki 24 za mwanzo, kisha wakaendelea kuonana kwa kawaida mara moja kwa mwezi. Shabaha zilikuwa mbili: kupunguza asilimia 7 ya uzito wa mwili, na kutembea kwa haraka, au kufanya mazoezi ya kiasi hicho, dakika 150 kwa wiki. Mtu mwenye kilo 90 alitakiwa kupunguza kilo sita na kidogo. Hakutakiwa kuwa mwembamba. Aliandika alichokula, akajipima, akazungumza na mshauri wake juu ya yaliyomshinda: karamu, huzuni, uchovu, mvua, watoto. Asiyefaulu kwa njia moja alitafutiwa nyingine.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Kwa hesabu ya miaka mitatu, kati ya kila watu 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa, 29 hivi walipata kisukari. Kati ya waliopewa metformini, walikuwa 22. Kati ya waliofuata mpango, walikuwa 14. Yaani mpango ulipunguza hatari kwa asilimia 58, na dawa kwa asilimia 31. Kwa wale ambao mwanzoni hawakuwa na sindromu hiyo, mpango ulipunguza kuzuka kwake kwa asilimia 41.

Lakini somo la maadili halimo katika hesabu hizo peke yake. Litazameni tena kundi lile lililopewa kidonge kisicho na dawa. Hao nao waliambiwa la kufanya. Walipewa maelezo yaliyoandikwa, na kila mwaka mtu aliketi nao kwa dakika 20 hadi 30 akawasihi kula vema, kupunguza uzito na kuushughulisha mwili. Hawakukosa maarifa. Walikosa mwenzi wa njia. Waliambiwa liko wapi daraja, kisha wakaachwa walitafute usiku. Kundi la mpango liliambiwa mambo yale yale, ila mtu mmoja alishika taa akafuatana nao.

Hapa ndipo lawama inapopoteza nguvu yake. Alaumuye hudhani kwamba mgonjwa hajui, au anajua na hataki. Huo uchunguzi unaonyesha hali ya tatu, ambayo ni ya watu wengi: anajua, anataka, na hawezi peke yake. Hata waliosaidiwa hawakufaulu wote. Mwisho wa masomo yale 16, nusu tu ndiyo waliokuwa wamefika shabaha ya uzito. Na katika kipimo cha mwisho walikuwa asilimia 38. Ikiwa mtu mwenye mshauri, daftari na mizani huteleza, sembuse mama auzaye mboga tangu alfajiri hata magharibi, aliyepewa karatasi moja zahanati na kuambiwa, "Punguza mwili"?

Pengine mtu atauliza: Je, msaada wa namna hii haumfanyi mtu kuwa tegemezi? Siku mshauri akiondoka, si atarudi alikotoka? Swali hili lina haki ya kujibiwa. Ni kweli kwamba wengi waliurudia uzito wao kidogo kidogo. Lakini si faida yote iliyopotea. Mjini Da Qing, China, watu 577 waliingizwa katika uchunguzi mwaka 1986, na msaada kwa waliopangiwa kusaidiwa ulidumu miaka sita. Habari zao za miaka 30 zilitolewa mwaka 2019. Waliosaidiwa walikuwa wamecheleweshewa kisukari kwa karibu miaka minne, na kwa wastani waliishi zaidi ya mwaka mmoja kuliko wenzao. Mti ulioegemezwa nguzo ukiwa mchanga haukui kwa ajili ya nguzo; hukua kwa mizizi yake, na nguzo huuzuia usianguke mpaka mizizi ishike. Mshauri hakutembea dakika 150 kwa niaba ya mtu. Miguu ilikuwa ya mwenyewe.

Iko hatari nyingine ambayo hutajwa mara chache. Msaada huweza kugeuka utawala. Baba akirudi kutoka hospitali na habari ya sukari, nyumba nzima huweza kuwa mahakama. Mtoto huhesabu vijiko vya sukari katika kikombe cha baba. Mke huficha chumvi. Jirani hutoa hotuba juu ya sahani ya pilau. Wote wana nia njema, na wote humfanya mtu mzima ajione mfungwa. Mfungwa hutafuta upenyo: hula kwa siri na kuficha karatasi ya daktari, na safari ya kwenda kliniki huiahirisha kwa kuwa haya imekuwa nzito kuliko hofu. Basi mwenzi hutofautiana na mlinzi wa gereza. Mlinzi hutazama kosa, mwenzi huuliza, "Leo ni lipi lililokuwa gumu?" Mlinzi hula chakula chake na kumpimia mfungwa chake, mwenzi hukubali chungu kiwe kimoja.

Neno hili la chungu kimoja lina uzito mkubwa. Katika nyumba zetu mtu hajipikii peke yake. Mama akiambiwa apunguze mafuta na sukari, kisha alazimike kuwakaangia wengine chapati na mandazi, ameamriwa kushindana na pua yake mwenyewe kila asubuhi. Lakini nyumba ikikubali kunywa chai ya sukari kidogo, ikaongeza mchicha, kunde na managu, ikapunguza soda za Jumapili, hapo mgonjwa hakutengwa. Tena nyumba nayo imefaidika, kwa kuwa mtoto amerithi damu ile ile. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wala wajibu hauishii mlangoni pa nyumba. Hesabu ya afya iliyofanywa Kenya nzima mwaka 2015 ilionyesha kwamba watu wazima 27 katika kila 100 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Idadi kama hiyo haielezwi kwa ulafi wa mtu mmoja mmoja. Haiwezekani taifa zima lipoteze adili lake katika muda wa kizazi kimoja. Bawabu alindaye usiku na kulala mchana atatembea saa ngapi? Mwanamke akaaye penye njia isiyo na taa wala kando ya kupitia waendao kwa miguu, atatembea wapi baada ya kazi? Uwanja wa watoto ukijengwa maduka, nani tumlaumu wakiketi? Watungao sheria, wapangao miji na wauzao vyakula wana sehemu yao katika jambo hili, na kumrundikia mgonjwa lawama yote ni kuwasamehe hao bila kuwauliza neno.

Hata hivyo, tusivuke mpaka kwa upande wa pili. Mtu akiambiwa kwamba kila kitu ni kosa la mji, la soko au la nasaba, atakunja mikono angoje mji ubadilike. Mji hubadilika polepole, na kongosho haingoji. Waliofaulu katika mipango hii hawakungoja. Waliamka wakavaa viatu. Uwezo wao ulikuwa mdogo kuliko walivyodhani walaumu, lakini ulikuwa mkubwa kuliko walivyodhani wao wenyewe. Na sehemu ya kazi ya msaada ni kumwonyesha mtu uwezo aliokuwa hauoni.

Kwa hiyo ni lazima tutenganishe mambo mawili ambayo lugha ya kila siku huyafunga pamoja: lawama na wajibu. Lawama huitazama jana, ikamtafuta mwenye kosa. Wajibu huitazama kesho, ukamtafuta mwenye uwezo. Mgonjwa ana wajibu juu ya mwili wake kwa sababu hapana mwingine awezaye kuuchukua kwa niaba yake, si kwa sababu ndiye pekee aliyeuharibu. Na sisi tulio karibu naye tuna wajibu kwa sababu tunaweza kumpunguzia uzito wa safari, hata kama hatukumtia njiani.

Wengi wenu, vijana, bado hamjapimwa shinikizo la damu hata mara moja, na maradhi haya mnayaona kuwa ni ya wazee. Lakini nyumbani kwenu huenda yuko mmoja aliyerudi na karatasi ya daktari, akaikunja na kuitia mfukoni. Mkiwa na maarifa ya shule, mtatamani kumhutubia. Zuieni hotuba kwanza. Maneno aliyoambiwa na daktari yanatosha, na kwa kawaida hakuyasahau. Kama ni mama, mwambieni, "Mama, jioni hii natoka kutembea, twende sote." Kama ni baba, wekeni sukari kidogo katika kikombe chenu kabla ya kukitazama chake. Akikosa siku moja, msihesabu. Akitembea siku moja, mkumbukeni. Kazi hiyo ni ndogo, haina sifa, wala haitaandikwa mahali popote. Lakini ni ya namna ile ile iliyowafaa watu katika vituo 27 kuliko kidonge.